Pweza: akili iliyotapakaa hadi kwenye minyiri

Mnunuzi wa pweza mbichi pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, huenda amewahi kuona mnyiri uliokwishakatwa ukijikunja na kung'ang'ania sinia. Pweza mwenyewe amekufa. Kinachoendelea ni kazi ya neva za mnyiri. Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo zimo kwenye minyiri yake minane. Ubongo hutoa agizo la jumla, na mnyiri hujitafutia njia ndani ya mwamba. Vile vikombe vyake vya kunatia huonja pia, kwa hiyo hata gizani ndani ya ufa, mnyiri hutambua kama umegusa kaa au jiwe.

Pweza anayevuliwa sana mwambao wetu, Octopus cyanea, huwinda mchana, na si lazima peke yake. Katika Bahari ya Sham wanasayansi wamempiga picha akizunguka miamba pamoja na samaki wakiwamo chewa. Samaki hutangulia kutafuta windo, naye huingiza minyiri mashimoni kulifukuza. Samaki anayemkera hutandikwa kofi la mnyiri. Supu ya pweza ina sifa zake mitaani, ambazo sitaziingilia, lakini hii ya kofi wengi hawaijui.

Dome naye, ndugu wa pweza na ngisi, si wa kudharauliwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, dome waliwekewa chakula cha kawaida, lakini wakikiacha na kungoja walipata kamba hai wanaompenda zaidi. Baadhi walivumilia hadi sekunde 130. Ngisi huongea kwa ngozi: hubadili rangi na mabaka ndani ya nukta, kwa wenzake na kwa adui. Cha ajabu, wengi wa wanyama hawa macho yao hayatofautishi rangi.

Na yote haya bila mwalimu. Pweza jike hutaga mara moja tu, hukaa tunduni akiyapepea mayai kwa maji, huacha kula, kisha hufa yanapoanguliwa au muda mfupi baadaye. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky aliwaondolea majike wanaoatamia tezi zilizo karibu na macho. Wakaacha mayai, wakarudi kula na kuishi zaidi. Kifo kile, basi, kimepangwa na mwili wenyewe. Mtoto hamkuti mama wa kumfunza, na umri wake wote ni kama mwaka mmoja hivi.

Ndiyo maana kuchokoa jike tunduni kwa nondo ni hasara mara mbili: mayai hupotea, na mwamba huvunjika. Kanuni za uvuvi Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Ukikuta vipweza vidogo vimepangwa kwenye sinia, muulize muuzaji uzito kabla ya bei.