Maabara ya taifa ya anga ni nini?

Hapa Mafinga ukitamka neno maabara, wengi wanaona chumba cha shule chenye chupa za kemia. Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliposoma kwamba Ufaransa ina maabara ya taifa ya anga, alidhani ni kiwanda cha ndege vita, akaja kuniuliza. Swali lake lilinifurahisha, maana hata watu wazima huchanganya.

Maabara hiyo inaitwa ONERA. Serikali iliianzisha mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha mwaka mmoja tu, na hadi leo iko chini ya wizara inayosimamia majeshi. Haiuzi ndege. Anayeunda ndege hupeleka kwake mfano mdogo uliochongwa kwa uwiano sahihi, nao watafiti huuweka ndani ya handaki la upepo. Humo ndege imetulia na upepo ndio unaokimbia. Kwa bawa, mambo ni yale yale. Vipimo vinaonyesha bawa linabebwa kwa nguvu kiasi gani, mkia unaanza kutikisika kwa kasi ipi, na wapi hewa inabanduka kwenye bawa. Kasoro ikigunduliwa hapo, utachonga mfano mwingine. Ikigunduliwa angani, unazika rubani.

Sisi wa Iringa tunaweza kuielewa nguvu inayotakiwa kwa kuangalia mtambo wa umeme wa Kihansi. Pale maji yanaporomoka mita zipatazo 850 ndani ya mwamba na kuzungusha mashine za megawati 180. Handaki kubwa la ONERA, lililoko Modane kwenye milima ya Alps, nalo linaendeshwa na maji ya mlimani. Ila huko maji hayafui umeme kwanza: yanazungusha mapangaboi moja kwa moja, kwa nguvu inayofika megawati 88. Yaani karibu nusu ya Kihansi, kwa ajili ya upepo tu! Sehemu ya majaribio ina kipenyo cha mita 8, na upepo wake unakaribia kasi ya sauti. Mwenye kampuni gani atajenga kitu kama hicho kwa majaribio ya wiki chache? Ndiyo maana kazi hii huangukia mikononi mwa taifa.

Na taifa lina sababu zake. Handaki lenyewe lilianza kujengwa na Wajerumani huko Austria wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wafaransa walilifungua kipande kwa kipande wakalihamishia kwao. Tangu hapo limepima ndege za abiria za Concorde na Airbus, likapima pia ndege vita za Mirage na Rafale. Elimu ya hewa ni moja, awe abiria au askari.

ONERA ndiyo pia iliyobuni rada ya GRAVES, ambayo jeshi la anga la Ufaransa limeitumia tangu 2005 kufuatilia setilaiti zinazopita juu ya nchi yao, zikiwemo za upelelezi.

Lakini kwangu mimi kazi yake nzito kuliko zote ni ushauri. Muuza silaha akija na madai kwamba kombora lake linafika mbali hivi au ndege yake haionekani kwenye rada, wizara inao watu wake wa kuyapima, wasioajiriwa na muuzaji. Nilipomweleza mpwa wangu hilo, aliuliza watu hao husomea nini. Nikamwambia aanze na fizikia na hesabu.