Kurudia jaribio la hesabu si kugawa alama za bure

Wengi hudhani kumpima mwanafunzi dhana moja moja, akiruhusiwa kurudia, ni kumbeba. Kinyume chake, wastani wa mada zote ndio unaobeba: aliyekosa maswali yote ya sehemu (kama 1/2) anaweza kupata 60, sawa na aliyeteleza huku na kule. Daftari la dhana, ambamo kila dhana ina alama yake, lina safu ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, peke yake. Aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Jiometri nzuri haimwokoi hapo. Anarudishwa kwenye Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili hizo, yaani 6, apate 3/6 + 2/6, kisha anapewa maswali mapya; yaleyale angeyakariri. Akifaulu, alama mpya hufuta ya zamani. Kinachokwamisha ni wingi wa dhana: 10 kwa muhula zinatosha, 40 zitamzamisha mwalimu kwenye kusahihisha.