Asilimia nne ya nini? Mikopo ya vijana ikivuka maji

Kijana akinipigia simu kuulizia mkopo wa halmashauri, nami humuuliza: halmashauri yenu inakusanya kiasi gani kwa mwaka? Wengi hudhani nawakwepa. Lakini jibu la swali lake linaanzia hapo.

Mikopo hii, ambayo mtaani tunaiita ya asilimia kumi, ilikuwepo kwa miaka mingi kama agizo tu. Ukiwa na mkurugenzi mzuri unapata, ukiwa na mgumu hupati. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kila halmashauri Tanzania Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka 2023 serikali ikaisitisha kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, mwaka uliofuata ikarudi na kanuni mpya.

Sasa tazama hayo maneno "mapato ya ndani". Tuseme jiji linakusanya bilioni 60. Fungu la vijana ni bilioni 2.4. Halmashauri ya kisiwani inayoishi kwa ushuru wa samaki na mazao ikikusanya bilioni 2, vijana wake wanagawana milioni 80. Sheria ni ileile na asilimia ni ileile. Pale ambapo ajira ni chache ndipo fungu linapokuwa dogo. Kwangu mimi hili ndilo kosa la msingi, na semina za ujasiriamali haziwezi kulirekebisha. Hazina ingeongezea kidogo kwa halmashauri zenye makusanyo hafifu.

Halafu kuna maji. Wilaya ya Ukerewe peke yake, ndani ya Ziwa Victoria, ina visiwa 38, na mtu wa kisiwa cha Ukara huvuka kwa kivuko hadi Bugolora kabla hajaanza safari ya Nansio, makao makuu ya wilaya. Nilikofanya kazi mimi, kwenye visiwa vingine, katibu wa kikundi cha vijana alifika ofisini na muhtasari wa kikao uliokosa sahihi ya mjumbe mmoja. Mjini sahihi hiyo ingepatikana kabla ya saa sita mchana. Yeye alirudi siku ya nne, ziwa lilikuwa limechafuka. Nauli zile za kwenda na kurudi, benki, halmashauri, benki tena, haziandikwi popote kwenye andiko la mradi, na hutoka mfukoni kabla mkopo haujaonekana.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika, na anayenunua, anayeanika na anayesafirisha wote wanapumzika nayo. Mvua ikinyesha mzigo ukiwa umeanikwa, dagaa wanaharibika na kuishia kuuzwa kama chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Sisi ofisini tulikuwa tumepanga marejesho tarehe ileile kila mwezi, kiasi kilekile, masika na kiangazi. Kikundi kikichelewa wiki mbili tunakiandika mdaiwa sugu. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu, zaidi ya mara moja.

Siku moja mwenyekiti wa kikundi kimoja, binti mwenye maneno machache, alichukua kalenda ya ukutani pale ofisini akazungushia kalamu siku za mwezi mpevu, miezi sita mfululizo. Tarehe yetu ya marejesho iliangukia ndani ya duara au siku moja mbili pembeni, mara nne. Tuliisogeza.

Kwa hiyo ukiandaa andiko la mradi wa dagaa, ambatanisha kalenda kama ile. Na uombe ratiba ijadiliwe kabla hamjasaini mkataba, kwa sababu mkishasaini, kuibadilisha ni safari nyingine ya kuvuka.