Nyaraka fikivu: maana yake katika kazi za ofisi

Neno "fikivu" limetokana na kitenzi kufika, na wengi wetu tukilisikia hufikiria majengo kwanza: njia ya mteremko pembeni ya ngazi, mlango mpana unaopitisha kiti cha magurudumu, choo ambacho mtu anaweza kugeuka ndani yake. Kwa upande wa nyaraka za kompyuta na simu, maana haibadiliki sana. Nyaraka fikivu ni zile ambazo mtu mwenye ulemavu anaweza kuzifungua, kuzisoma, kutafuta jambo ndani yake na, zikiwa ni fomu, kuzijaza, kwa kutumia vifaa alivyovizoea na bila ya kulazimika kumwita mtu mwengine amsaidie. Sharti hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Majibu ya hospitali, taarifa ya mshahara na barua ya kuitwa kwenye usaili wa kazi ni mambo ya mtu binafsi, na asiyeona ambaye kila mara husomewa na mtoto wa dada yake hana siri tena nyumbani kwake.

Ili dhana hii ieleweke ni lazima kwanza kujua namna asiyeona anavyotumia kompyuta. Hutumia programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka kwa sauti yale yaliyomo. Inayotumika sana ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na inayotolewa bure. Simu nyingi za Android nazo huja na TalkBack ndani yake. Programu hizi haziangalii ukurasa kama jicho linavyouangalia. Zinasoma maelezo yaliyofichika chini yake: hii ni herufi, hiki ni kichwa cha habari, huu ni mstari wa jedwali, hapa pana kisanduku cha kujaza. Kwa hivyo kila waraka una sura mbili, moja ya machoni na nyengine ya ndani, na ufikivu unahusu zaidi ile ya ndani. Ofisi nyingi hushughulikia ile ya machoni tu.

Niliwahi kukaa pembeni ya mwenzangu asiyeona, huko Chake Chake, Pemba, alipofungua rasimu ya kurasa 12 aliyotumiwa ili aisome na kutoa maoni kabla ya kikao. Alichomoa visikilizi ili nami nisikie. Programu ilitaja jina la faili, kisha ikatangaza kwamba waraka ni mtupu. Akabonyeza mshale wa kushuka mara tatu, nne, akanyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Wamenitumia picha tena, ndugu yangu." Mimi kwenye skrini nilikuwa naona maandishi yote, safi kabisa, na muhuri wa buluu juu ya saini.

Muhuri huo ndio uliokuwa chanzo. Rasimu ile iliandikwa kwenye kompyuta, na wakati huo kila herufi yake ingeweza kusomwa na programu yoyote. Baadaye ikatolewa kwenye karatasi, ikatiwa saini, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa na kuhifadhiwa kuwa PDF, na hapo herufi zikawa madoa ya wino kwenye picha. Kwa mazoea yetu barua isiyo na muhuri haina uzito, na sina ugomvi na muhuri. Lakini hakuna kinachomzuia karani kutuma nakala iliyogongwa muhuri pamoja na faili la asili lililoandikwa, moja kwa ajili ya kumbukumbu na jengine kwa ajili ya kusomwa. Zipo programu za kutambua maandishi ndani ya picha, nazo husaidia pale karatasi ilipokuwa imenyooka na wino umekolea, ila hukosea tarakimu na majina, yaani sehemu zile zile ambazo msomaji hataki zikosewe. Kuskani hati ya zamani ambayo karatasi yake ndiyo pekee iliyobaki ni jambo la lazima. Kuskani waraka ulioandikwa asubuhi ya leo ni kuuharibu.

Baada ya picha, kasoro kubwa inayofuata ni vichwa vya habari. Mwandishi akitaka kichwa kionekane hukikoza wino, hukikuza na kukipigia mstari, akaona kazi imekwisha. Kwa programu ya kusoma skrini hiyo ni sentensi kama sentensi nyengine. Ukichagua mtindo wa kichwa cha habari uliomo ndani ya Microsoft Word, programu hukitambua, na msomaji wa NVDA akibonyeza herufi H hupelekwa kutoka kichwa hadi kichwa, kama vile anayeona anavyopitisha jicho kutafuta sehemu inayomhusu. Bila ya hivyo humbidi asikilize ripoti yote ya kurasa 60 ili afike kwenye bajeti. Wasukaji wa mikeka wanalijua jambo hili kwa namna yao: rangi hutiwa kwenye ukindu kabla ya kusukwa, haipakwi juu ya mkeka uliokwisha kushonwa.

Lugha ya waraka nayo ina mashaka yake, na hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Faili la Word hubeba alama isiyoonekana inayosema limeandikwa kwa lugha gani, na kompyuta nyingi za ofisini zimepangwa kwa Kiingereza. Mwandishi akiandika Kiswahili bila ya kuibadilisha alama hiyo, programu inaweza kukitamka Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza: Wete ikawa kitu kama "wiit", na Makame akageuka "mekeim". Msomaji mzoefu hukisia, lakini kukisia kurasa 20 kunachosha. Ipo sauti ya bure ya Kiswahili, eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA. Haina utamu wa sauti ya mtangazaji, ila silabi zake ni za Kiswahili. Kuchagua Kiswahili kama lugha ya waraka ni kazi isiyofika dakika moja.

Mambo mengine yanaelezeka kwa ufupi. Picha yenye maana iandikiwe maelezo mbadala, na maelezo hayo yaseme picha inaonesha nini, kwa mfano "wakulima wakianika karafuu juu ya majamvi", si "picha namba 3". Jedwali liwe na safu ya juu iliyotambulishwa kuwa ni ya vichwa, na visanduku visiunganishwe ovyo. Rangi isibebe maana peke yake: ukiandika kwamba waliochaguliwa wamewekwa kwa kijani, yule asiyetofautisha kijani na nyekundu hatajua kama amepata au amekosa. Maandishi ya kijivu juu ya karatasi nyeupe hupendeza kwa mbunifu na huwatesa wenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino. Kipimo kinachotumika duniani ni uwiano wa mwangaza baina ya herufi na rangi iliyo nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Kipimo hicho kimo katika miongozo ya ufikivu iitwayo WCAG, ya W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya mtandao, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1999 na kufikia toleo la 2.2 mwaka 2023. Iliandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini misingi yake hutumika pia kwenye nyaraka, na PDF ina kiwango chake cha kimataifa cha ISO tangu 2012. Kisheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao Ibara yake ya 9 inataja habari na mawasiliano sambamba na majengo na usafiri. Zanzibar ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, kisha nyengine mwaka 2022.

Nimesema sana kuhusu wasioona kwa sababu kwao kasoro hujitokeza wazi, lakini dhana hii ni pana zaidi ya hapo. Kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama anaweza kuzisoma herufi zote za waraka na bado akazuiwa na sentensi ndefu za kiofisi. Na video ya mafunzo isiyo na manukuu wala mkalimani wa lugha ya alama kwake ni midomo inayocheza tu. Mtu asiyeweza kushika kipanya kwa sababu ya mikono yake hutegemea kibodi, na huyu ndiye anayekwama zaidi kwenye fomu.

Fomu zetu nyingi bado zina tabia za karatasi. Pameandikwa "Jina kamili", kisha nukta 40 mfululizo. Ukianza kuandika, nukta husukumwa, mstari hukatika na jina la baba huangukia mahali pa anwani. Dawa yake ni kuweka kisanduku cha kujaza chenye jina lake, ili programu iseme "jina kamili, andika" na kibodi iweze kuhama kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kisha huja agizo la "zungushia duara jibu sahihi", ambalo kwenye kompyuta halitekelezeki hata kwa mwenye macho mawili na mikono yote. Agizo hilo nimelikuta pia katika fomu ya kuandikisha watu wenye ulemavu, swali la tatu, chini ya "aina ya ulemavu", kwenye ukurasa ulioskaniwa ukiwa umepinda.