Valérie André na dhana ya "mpakieni, atatibiwa angani"

Nafundisha wauguzi na madaktari wanaosindikiza wagonjwa mahututi kwa ndege. Kila nikimtaja Valérie André, daktari Mfaransa aliyerusha helikopta za majeruhi vitani Indochina (koloni la Ufaransa, leo Vietnam na jirani zake), hakosi wa kusema: "Yule aliyekuwa anatibu huku anaendesha!" Ndugu wa wagonjwa nao wana wimbo huohuo: mpakieni tu, mtamtibu mkiwa juu. Nimechoka kuusikia.

Hakutibu akiwa juu. Asingeweza. Hiller 360 aliyoirusha ilibeba machela mbili, moja kila ubavu, nje ya chumba cha rubani. Kuiongoza helikopta ile kulidai mikono yote miwili na miguu yote miwili. Majeruhi akianza kuvuja damu upya, au ulimi ukiziba koo, rubani afanye nini? Kumbeba nesi nako kulikuwa na gharama yake: injini ilikuwa dhaifu, hewa ya joto hainyanyui vizuri, na kila kilo ilihesabiwa.

Kwa hiyo kazi ya udaktari ilifanyika chini. Desemba 1951 kulikuwa na majeruhi waliokwama Tu Vu, kando ya Mto Mweusi, kaskazini mwa Vietnam. Helikopta iliyokuwepo ilikuwa mbali kusini, Saigon. Ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye ndege ya mizigo hadi Hanoi, ikaungwa tena. André akapenya ukungu mzito huku akifyatuliwa risasi. Alipotua hakukimbilia kupakia. Aliwachambua majeruhi, akawafanyia upasuaji wale ambao hali zao hazikuweza kungoja, ndipo akaanza kuwapeleka Hanoi, wawili wawili.

Aliweza hayo kwa sababu kabla hajashika usukani alikwisha kuwa daktari, na hospitalini Saigon alikuwa akisaidia upasuaji wa ubongo. Leseni ya helikopta ilifuata, mwaka 1950. Hesabu yake ya Indochina ni safari 129 na majeruhi 165. Hata wawili kwa kila safari hawafiki. Anayedhani sifa yake ni mbio tu hajaitazama hesabu hiyo.

Basi wanafunzi wangu, na ninyi ndugu wa wagonjwa: ndege iiteni mapema, sina ugomvi na hilo. Lakini zuieni damu, fungueni njia ya hewa, mfupa uliovunjika ufungwe banzi, ndipo machela inyanyuliwe. Ninyi mna hata nafasi ya kukaa pembeni ya mgonjwa, na bado kuweka mrija kooni ndege ikitikisika ni balaa.

Makosa mengine wanayosema juu yake nayajibu kwa ufupi. Siye nesi wa Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa iliyozingirwa huko Vietnam. Huyo ni Geneviève de Galard, muuguzi aliyekwama pale mwaka 1954 baada ya ndege yake kuharibiwa. Wala siye mwanamke wa kwanza duniani kurusha helikopta: mwaka 1938 Hanna Reitsch, Mjerumani, alikuwa akiirusha ndani ya ukumbi mjini Berlin.

Na hakuwa mtu wa shirika la misaada. Alikuwa afisa wa jeshi la Ufaransa katika vita vya kikoloni, Indochina kisha Algeria. Msifuni, anastahili, ila msimfiche sare.

Kwamba aliacha udaktari kwa ajili ya urubani? Ujenerali alioupata mwaka 1976, wa kwanza kwa mwanamke Ufaransa, ulikuwa wa idara ya tiba ya jeshi.