Nahodha wa boti ni nani haswa? Tuelewane kabla upepo uje

Hii wiki simu ni zile zile. Mtu amelipa nauli ya kuenda kisiwa cha Mfangano, amekaa kwa boti pale Mbita na mizigo yake, Ziwa Victoria limeanza kuchafuka, nahodha amekataa kutoka, sasa abiria anapigia ofisi yetu ya kukagua boti ati tumlazimishe. Hatuwezi, na hata tungeweza hatungefanya. Wewe ulilipa nauli, hukununua boti.

Nimegundua shida inaanzia kwa neno lenyewe. Watu wanadhani nahodha ni dereva, yule kijana ameshika injini huko nyuma. Nahodha ni neno la Kiajemi, nakhuda, yaani nav ni chombo cha majini na khuda ni bwana (ndio hiyo hiyo khuda ambayo Waajemi wanaitia Mungu, nikisema hivi kwa bichi vijana wa boti wanacheka wanasema basi tuongezwe mshahara). Lilisafiri na biashara ya majahazi, Waarabu wakalichukua, Wahindi pia, Wamalei wanasema nakhoda, na sisi tukapata nahodha. Enzi hizo nahodha mara nyingi alikuwa mwenye jahazi ama mtu aliyetumwa na mwenye mali, na kusoma nyota na kujua njia ilikuwa kazi ya malimu, usukani nao unashikwa na mtu mwingine kabisa. Kwa hivyo tangu zamani si lazima nahodha awe ndiye anaendesha, yeye ndiye anaulizwa kukitokea neno.

Sasa kuna mwenye boti mmoja alinirukia na hiyo hiyo historia mbele ya watu: si umesema nahodha ni mwenye chombo, basi mimi nikisema twende tunaenda! Mzee wangu, hayo yalikuwa ya majahazi. Sheria ya Kenya ya vyombo vya majini ya 2009 inamhesabu nahodha kuwa yule ambaye chombo kiko chini ya amri yake, awe mwenye boti ama mwajiriwa, isipokuwa rubani. Na hapa rubani si wa ndege jamani, ni yule mjuzi wa maji anapanda meli kuiongoza iingie bandarini, hiyo ndio maana ya kwanza, ndege zilikuja zikaazima.

Tukija kukagua, swali la kwanza ni nahodha nani. Juzi nimeuliza, mikono mitatu ikainuka, mmoja wao alikuwa mwenye kuuza tiketi. Baada ya hapo tunataka cheti cha nahodha, cheti cha ukaguzi wa boti, idadi ya abiria ambao boti imeruhusiwa, halafu tunahesabu vichwa, tunahesabu laifjaketi, na tunataka kuziona zikiwa zimevaliwa, si zimefungwa kwa kamba chini ya magunia ya omena. Kitu ikikosekana boti inaweza kuzuiliwa hapo hapo, na ikifika kortini inaweza kuwa faini ama kifungo ama vyote viwili, hiyo ni ya hakimu si yetu. Na mwenye boti asijifiche nyuma ya nahodha, wanaweza kushtakiwa wote wawili.

Wanaoniambia ni makaratasi tu wakumbuke MV Nyerere, ilipinduka karibu na Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, ziwa hili hili letu, zaidi ya watu 220 wakafa. Rais Magufuli alisema ameambiwa nahodha hakuwa ndani, usukani alikuwa amemwachia mtu asiye na mafunzo.

Nauli yako ongea na mwenye boti, mkishindwana nenda kwa BMU ya hapo (kikundi kinachosimamia bichi) na ile meseji ya M-Pesa. Nahodha akisema hatutoki, hatutoki.