Majaji wa American Idol hawamchagui mshindi

Simon Cowell, jaji wa zamani wa shindano la uimbaji la televisheni la American Idol, alipomkosoa mshiriki hadi machozi yakamtoka, watazamaji wengi waliona safari yake imeishia hapo. Hadi leo wapo wanaoamini kwamba majaji ndio wanaomtoa mtu. Sivyo. Tangu shindano hili lianze Marekani mwaka 2002, jaji ana nguvu kubwa mwanzoni tu, kwenye usaili na mchujo wa awali. Ikifika hatua ya matangazo ya moja kwa moja, kura za watazamaji ndizo zinazoamua. Maneno ya jaji hubaki maoni, hata yawe makali vipi.

Tazama msimu wa 3, mwaka 2004. Jennifer Hudson, mwenye sauti ya kutikisa ukumbi, alitolewa akiwa wa saba, na majaji hawakuwa na la kufanya. Mwaka 2007 akapokea tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya Dreamgirls. Kwangu huo ni ushahidi tosha kwamba kura hupima mapenzi ya watu wiki ile, si ukubwa wa kipaji. Ilipofika 2009 ndipo majaji walipopewa nafasi moja kwa msimu ya kumwokoa aliyeangushwa na kura.

Hata usaili wenyewe hauko kama unavyoonekana. Maelfu wanaojitokeza husikilizwa kwanza na watayarishaji, na wachache tu hufika mbele ya majaji mashuhuri, na katika misimu ya mwanzo walikuwemo waimbaji wabovu waliopitishwa ili watazamaji wacheke. Hili linaniuma, kwa kuwa kijana wa watu aliingia mle akidhani amepita kwa sauti yake.